Moto wa dakika kumi, hasara ya miezi mitatu

Saa mbili na nusu usiku wa Jumamosi, katika mgahawa wowote wa Sinza au Mikocheni, Dar es Salaam, mafuta ya chipsi yanachemka kwenye nyuzi joto zipatazo 180. Mpishi ametoka kidogo kuulizia oda. Kidhibiti joto cha kikaangio kimechoka, hakikati tena. Mafuta yakikaribia nyuzi 360 hayahitaji kiberiti: yanawaka yenyewe. Kijana wa kuosha vyombo anaona moto, anakimbilia ndoo ya maji, na hapo ndipo balaa linapoanza. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kikombe cha robo lita kinakuwa mvuke wa zaidi ya lita 400, mapipa mawili makubwa, na mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Juu ya jiko kuna dohani ya kuvutia moshi, na ndani ya dohani kuna utando wa mafuta wa miaka miwili.

Zimamoto wanapigiwa 114. Tuseme wanawahi, na moto unazimwa kabla haujaingia ukumbini. Hakuna aliyeumia. Mwenye mgahawa anamshukuru Mungu, anakaa kwenye kiti cha plastiki kilicholowa, kisha anakumbuka kwamba bima anayo.

Hesabu zake huenda zikawa hivi. Kwa mwezi anauza shilingi milioni 30. Chakula, gesi na vifungashio vinakula milioni 13. Milioni 17 zinazobaki ndizo zinazolipa pango, mishahara, mkopo wa benki na karo za watoto. Moto umekula vikaangio, dohani, friza moja na dari, jumla milioni 14. Lakini dohani mpya lazima iagizwe, mwenye nyumba anataka fundi akague nguzo na nyaya, na mgahawa unafunguliwa tena baada ya miezi mitatu. Milioni 17 mara tatu ni milioni 51. Kwa hiyo kilichoungua ni 14, na kilichopotea kwa kufunga mlango ni 51. Mkataba ulioko kabatini unaitwa bima ya moto, na bima ya moto peke yake hulipa kilichoungua.

Wengi hununua bima ya mgahawa kwa kuulizia bei kama wanavyoulizia gunia la vitunguu. Bei ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: ni jambo gani linaweza kuifunga biashara hii, na litaifunga kwa siku ngapi? Mwenye mgahawa akishalijibu hilo, anajua vipande vya kudai kwenye mkataba, maana bima ya biashara huuzwa kwa vipande hata pale wakala anapoiita kifurushi.

Kipande kinacholipa zile milioni 51 ni bima ya hasara ya kusimama kwa biashara. Hufunga ndoa na bima ya mali: mali ikiharibika kwa janga lililotajwa, hii inafidia faida iliyopotea na gharama zisizosimama, kama pango na mishahara ya wapishi ambao hakuna anayetaka wahamie kwa jirani. Cha kuangalia hapa ni muda wa fidia. Miezi mitatu huonekana mingi siku ya kusaini. Mtu aliyewahi kusubiri mzigo bandarini atajua kwa nini sita au kumi na miwili ni busara zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mawakala hawapendi kulisema kwa sauti. Fidia hii hulipwa kwa mauzo yanayothibitika, na Tanzania uthibitisho wa kwanza ni risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Mgahawa unaouza milioni 30 na kutoa risiti za milioni 12 utafidiwa kama mgahawa wa milioni 12. Mwenye mali hawezi kuwa masikini mbele ya TRA, mamlaka ya mapato, na tajiri mbele ya kampuni ya bima.

Nguvu ya maneno ya mkataba ilionekana wakati wa Uviko. Tarehe 16 Machi 2020 wamiliki wa mgahawa wa Oceana Grill, mjini New Orleans, Marekani, walifungua kesi wakitaka mahakama itamke kwamba bima yao ingelipa hasara ya kufungiwa. Mkataba ulisema fidia hulipwa pale mali inapopata hasara au uharibifu wa kimwili. Walishindwa katika mahakama ya mwanzo, wakashinda rufaa, na Machi 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo la Louisiana ikaufuta ushindi huo: viti na meza vilikuwa vizima, mali haikupata dhara la kimwili. Uingereza mambo yalikwenda kwingine. Tarehe 15 Januari 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliwapa haki wenye biashara wengi, wakiwemo wale ambao mikataba yao ilitaja ugonjwa wa kuambukiza unaotokea ndani ya maili 25, kama kilomita 40, kutoka walipo. Janga lilikuwa moja, biashara zilifanana. Kilichotofautiana ni vifungu.

Turudi jikoni, kwenye mtungi wa gesi. Bima ya moto ya kawaida, iliyorithiwa kutoka Uingereza, hukinga moto, radi na mlipuko wa aina fulani tu. Kwa maneno ya asili, mlipuko unaolipwa ni wa gesi ya matumizi ya nyumbani. Mitungi ya kilo 38 iliyopangwa nyuma ya mgahawa si matumizi ya nyumbani. Ndiyo maana mlipuko wa gesi ya biashara, mafuriko, upepo, bomba kupasuka, fujo na uharibifu wa makusudi huongezwa kama majanga ya ziada, kila moja kwa jina lake. Mgahawa ulioko bonde la Jangwani bila kifungu cha mafuriko hauna bima kwa lile janga linaloujia karibu kila masika.

Fujo zina kasoro yake. Nairobi, Juni 2024, maduka yaliporwa katikati ya jiji wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha. Kwa kawaida hasara zenye sura ya siasa, na za ugaidi pia, huondolewa kwenye mkataba wa kawaida na kuuzwa kando. Mgahawa ulioko kwenye barabara ambayo waandamanaji huipita una sababu ya kuuliza. Ulioko uchochoroni Kigamboni pengine hauna.

Gesi inaleta jambo jingine ambalo halisemwi sana. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na jikoni nyingi za biashara nazo zimehamia kwenye gesi. Kwa mapafu ya wapishi ni neema. Kwa mkataba wa bima ni badiliko la hatari, na badiliko la hatari lazima liripotiwe. Mzizi wa kanuni hiyo ni wa zamani: jaji Lord Mansfield aliueleza London mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, kwamba anayeomba bima ndiye anayejua siri za mali yake, hivyo hana ruhusa ya kuficha lile ambalo mwenzake angetaka kulijua. Fomu ya 2021 ikisema jiko ni la mkaa na mtathmini akakuta mitungi sita, mabishano yanaanzia hapo. Barua ya aya mbili kwa kampuni, ikapokelewa kwa mhuri, ingeyaepusha.

Halafu kuna thamani. Mama mmoja wa kufikirika alinunua vifaa vyake miaka minane iliyopita kwa milioni 30, na kila mwaka anakata bima ya milioni 30. Vifaa hivyo leo vina thamani ya milioni 60. Kampuni itasema alikata bima ya nusu, hivyo kila hasara italipwa nusu: ile ya milioni 14 inakuwa milioni 7. Wataalamu huiita kanuni ya wastani. Ikiwa mkataba unasema mwenye bima abebe asilimia 10 ya kila dai, mkononi inafika milioni 6.3. Aliokoa shilingi chache za ada, akapoteza nusu ya fidia. Hata hivyo, kutaja thamani kubwa kuliko halisi nako hakusaidii, kwa sababu bima hairudishi zaidi ya kilichopotea.

Mpangaji naye huambiwa: jengo lina bima. Ni kweli huenda linayo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022, majengo ya biashara nchini yanatakiwa kukatiwa bima. Lakini hiyo ni ya mwenye jengo na kuta zake. Vikaangio havimo. Vigae, kaunta na mfumo wa moshi alivyoweka mpangaji mara nyingi navyo havimo, na inafaa vitajwe kwenye bima ya mpangaji mwenyewe. Baya zaidi, kampuni ikishamlipa mwenye jengo hurithi haki yake ya kumdai aliyesababisha moto. Mpangaji anaweza kuletewa ankara ya jengo zima.

Habari ya wizi ni fupi. Bima ya wizi hutaka dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, dirisha lililong'olewa. Kuku arobaini wakitoka kwenye friza kidogo kidogo kupitia mlango wa nyuma, hakuna kilichovunjwa. Huo ni wizi wa mfanyakazi, nao una bima yake, ya uaminifu. Fedha za mauzo ya Jumamosi na Jumapili zinazosubiri benki ifunguliwe Jumatatu zina nyingine. Na chakula kinachooza umeme ukikatika hakilipwi ovyo: baadhi ya mikataba hukubali friza ikiharibika yenyewe, na kukataa mgao wa umeme.

Kisha kuna mteja. Wali uliopikwa asubuhi ukaachwa sufuriani hadi usiku ni mfano mzuri wa hatari isiyoonekana. Vijimbegu vya bakteria Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, huamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu yao ya kutapisha haiharibiki wali ukipashwa moto upya. Meza ya watu kumi wa sherehe inaweza kuanza kutapika kabla bili haijalipwa. Bima ya dhima kwa umma, ambayo migahawa mingi inayo, hutungwa zaidi kwa ajili ya mteja aliyeteleza kwenye sakafu iliyolowa. Aliyedhuriwa na chakula chenyewe huangukia kwenye dhima ya bidhaa, na bila kifungu cha sumu ya chakula dai hilo linaweza kubaki nje. Kwa biashara ambayo bidhaa yake ni chakula, kifungu hicho kinastahili kuulizwa kabla ya kingine chochote cha dhima.

Kwa wafanyakazi, Tanzania haitoi hiari: mwajiri lazima ajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kwa sekta binafsi mchango ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara mwaka 2022. Mishahara ya milioni 7 inatoa shilingi 35,000 kwa mwezi, nazo hazikatwi kwa mpishi. Kenya njia ni nyingine; sheria ya fidia ya mwaka 2007, WIBA, humtaka mwajiri anunue bima kampuni ya bima, na kifo cha kazini hufidiwa kwa mishahara ya miezi 96. Bodaboda anayepeleka oda kwa pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ni shimo jingine, na hilo huzibwa kwa kubadilisha matumizi yaliyoandikwa kwenye bima ya chombo.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini. Kwao kuna takaful: Kenya ilianza mwaka 2011, na Tanzania TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ilitoa mwongozo wake mwaka 2022.

Na anunue kwa nani? Wakala huuza bidhaa za kampuni anayoiwakilisha, dalali humtafutia mteja soko. Kwa kibanda cha chipsi wakala anatosha. Kwa mgahawa wenye wafanyakazi kumi na tano, gesi na mkopo wa benki, dalali mwenye leseni anafaa zaidi, hasa siku ya kudai, kwa kuwa yeye husimama upande wa mteja. Leseni huthibitishwa TIRA, na hati yenyewe huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRAMIS. Juu ya ada kuna VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Ahadi ya "utalipa mwisho wa mwezi" si ya kutegemewa: bila ada hakuna bima. Dai likikwama na barua zikaisha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufika mahakamani.

Mtathmini hasara anafika Jumanne, mwenye mgahawa akiwa amemaliza kufuta masizi ukutani, jambo ambalo angepaswa kulisubirisha. Anapiga picha kikaangio, anachungulia dohani kwa tochi. Haulizi kwanza mkataba. Anauliza lini dohani ilisafishwa mara ya mwisho, kwa sababu mkataba unataka isafishwe kila miezi sita; anauliza kadi ya ukaguzi ya kizima moto, na kama kilikuwa cha moto wa mafuta ya kupikia au cha unga wa kawaida. Anaomba risiti za manunuzi ya vifaa na ripoti za mauzo za mwaka mzima.

Zote, anaambiwa, zilikuwa kwenye droo ya kaunta, chini ya mashine ya EFD, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni, palepale ulipopita mpira wa Zimamoto.