Kipimo cha Dereva ni Amana ya Watu Wengi

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, riziki hutoka kwenye usukani. Mume yuko safarini na trela lililobeba kontena kutoka bandari ya Kilindini kwenda Malaba. Kijana ashika matatu ya Likoni na Ukunda. Ami yake, aliyekwisha kustaafu malori, apeleka watoto shuleni kwa basi dogo. Wake na mama wa watu hawa wamezoea kungoja simu ya kufika salama. Siku hizi liko jambo jingine la kungojewa, nalo ni majibu ya kipimo. Wako waajiri wanaomtaka dereva apulize kifaa au atoe mkojo kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na majibu hayo yaweza kumwondoa kazini siku hiyo hiyo.

Wengi wetu tusikiapo habari hii hudhani haituhusu. Pombe kwetu ni haramu, husemwa, na mtoto wetu haigusi. Dhana hiyo yatusahaulisha mambo mawili. La kwanza, vipimo vya kazini havitafuti pombe peke yake. Hutafuta pia bangi, kokeini, heroini na dawa za kuchangamsha mwili. Pwani yetu yaijua heroini, na hata kliniki ya methadoni ya kuwatibu waraibu wake imekuwapo Malindi tangu mwaka 2015. La pili, asiyetumia chochote naye hupimwa, na asipojua taratibu aweza kudhulumiwa akiwa hana hatia.

Rai yetu ni kwamba kumpima dereva ni jambo la haki, kwa kuwa amebeba roho za watu. Lakini kipimo kisichokuwa na uadilifu humwangusha asiyekosa na kumpitisha aliye hatari. Basi yafaa familia zielewe kipimo huona nini, na kisichoonekana ni kipi.

Kipimo huona nini

Kifaa cha kupuliza hupima pombe iliyomo katika pumzi, na kwa hiyo huonyesha hali ya mtu wakati ule ule. Mwili huiondoa pombe kwa mwendo wake wenyewe. Kahawa chungu, ndimu wala maji ya baridi haviuharakishi. Ndiyo sababu aliyekunywa usiku aweza kukamatwa na kifaa alfajiri, ilhali yeye ajiona mzima.

Mkojo una habari tofauti. Humo hutafutwa mabaki ya dawa. Mabaki ya bangi huweza kukaa siku kadhaa, na kwa mwenye kuivuta kila siku hufika hata majuma, baada ya ulevi wenyewe kwisha. Kwa hivyo majibu ya mkojo husema kwamba mtu alitumia. Hayathibitishi kuwa amelewa saa ile. Tena ziko dawa halali zinazoonekana kama haramu. Kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu ni ya jamii moja na afyuni, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari aweza kutoka na majibu mabaya.

Na miraa je? Kiini chake ni kathinoni, na vipimo vya mkojo vya kawaida havikuwekwa kuitafuta. Dereva aliyekesha siku mbili akitafuna miraa ili asisinzie aweza kupimwa langoni, akaonekana safi, kisha akalala usukanini kabla ya kufika Mtito Andei. Kipimo cha mkojo hakipimi usingizi.

Utaratibu wa Marekani

Yafaa kuitazama nchi iliyoujenga utaratibu huu kwa miaka mingi. Januari 1987, huko Chase katika jimbo la Maryland, vichwa vya gari moshi vilipita ishara ya kusimama na kuingia njia ya treni ya abiria. Watu 16 walikufa, na ikabainika kuwa waendeshaji wa vichwa hivyo walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa uchukuzi, wakiwamo madereva wa malori makubwa na mabasi.

La kutufunza zaidi ni mpango uliowekwa. Dereva hupimwa dawa za kulevya kabla ya kuanza kazi. Hupimwa baada ya ajali kubwa, na pia msimamizi aliyefunzwa dalili za ulevi anapomshuku kwa sababu zinazoonekana. Zaidi ya hayo hupimwa kwa kura isiyotangazwa mapema. Kura hiyo haipigwi kwa matakwa ya bosi, na kila dereva huwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Pumzi ikionyesha pombe, hungojewa angalau dakika 15, kisha hupimwa mara ya pili, ili mabaki ya mdomoni, kama ya dawa ya kusukutua, yasimponze mtu. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili na kutiwa muhuri mbele ya dereva mwenyewe. Chupa ya kwanza ikionekana na dawa, hurudiwa maabarani kwa njia iliyo makini zaidi. Hata hapo mwajiri bado haambiwi. Daktari aliyefunzwa kazi hiyo humtafuta dereva kwanza, amuulize kama ana dawa aliyoandikiwa kihalali. Akithibitishiwa kuwa amekosa, dereva ana saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe katika maabara nyingine. Aliyepatikana na kosa huondolewa usukanini, na harudi mpaka aonane na mtaalamu wa uraibu, amalize aliyoagizwa na kupimwa upya. Na tangu Januari 2020 liko daftari la taifa, ili mwenye kosa asihamie kampuni nyingine akalificha.

Sheria zetu zasemaje

Hapa kwetu, Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, humwadhibu anayeendesha gari akiwa amezidiwa na kileo au dawa kwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Upimaji unaojulikana na wengi ni ule wa Alcoblow ya askari barabarani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni za kifaa hicho hazikuafikiana na sheria mama: sheria yataka dereva awe ameshindwa kulitawala gari, ilhali kanuni ziliweka kiwango cha pombe peke yake. Hilo ni funzo kwa kila mwenye kupima, kwamba nia njema haitoshi pasipo msingi wa sheria.

Kwa kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kumfuta kazi mara moja mtu aliyelewa saa za kazi hata asiweze kuifanya. Lakini kifungu cha 41 chamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, dereva akiwa na mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huziweka habari za afya katika zile nyeti. Majibu ya kipimo si ya kusomwa langoni mbele ya matingo, wala ya kurushwa katika kundi la WhatsApp.

Kuna jambo moja ambalo waajiri hupenda kulisahau. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki chakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Mwajiri anayedai mkojo safi asubuhi, kisha akataka mzigo ufike kwa saa zisizowezekana pasipo kukesha, ndiye anayempeleka dereva kwenye miraa. Ratiba yake nayo yastahili kupimwa.

Wajibu wa nyumbani

Nyumbani yako ya kufanya. Dereva anaponunua dawa, na amwambie mwenye duka la dawa kwamba kazi yake ni kuendesha, aulize kama italeta usingizi, na karatasi ya daktari iwekwe mahali pa kuonekana. Aombe kwa maandishi kanuni za upimaji za kampuni yake kabla ya siku ya kupimwa. Katika Ramadhani, aliyefunga huenda mkojo wake ukawa haba na asiweze kunywa maji. Ni vyema madereva waliombe jambo hilo lipangwe mapema, kipimo kiwe baada ya futari au usiku kabla ya imsaki. Sampuli itolewe faraghani, na panapolazimu kuwa na msimamizi, awe mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza shule: dereva wa basi hupimwa lini, na nani, na jana alilala saa ngapi?

Lililo zito zaidi ni la mke au mama ambaye amekwisha kujua. Ameona macho, ameona pesa zisizofika, ameona kijana asinziaye mezani. Hunyamaza, kwa kuwa kodi ya nyumba na karo ya watoto vyategemea usukani ule. Twamwelewa, na hatumlaumu. Lakini sitara ni kulinda jina la mtu huku akipelekwa kutibiwa. Kumwacha aingie barabarani na roho za watu si sitara. Akienda mwenyewe kwa daktari kabla ya kukamatwa, aweza kuomba likizo ya ugonjwa, au kazi ya ghalani kwa muda, na arudi akiwa na heshima yake. Akingojwa mpaka ajali ifike, atahukumiwa yeye, na watalia watu wa nyumba nyingi asiowajua.

Wajumbe wa vyama vya madereva, maimamu wetu na wenye makampuni wakikaa pamoja, waweza kukubaliana mambo matatu: kipimo chenye utaratibu ulioandikwa, mlango wa matibabu kwa atakayejitokeza, na saa za kulala zinazoheshimiwa. Madereva wengi, twaamini, wataupokea upimaji wa namna hiyo bila hofu.