Kwa nini kipimajoto cha kielektroniki huyumba

Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Kipimajoto cha jokofu kikiyumba, muuguzi anaweza kutupa chanjo nzima au kutumia iliyoharibika.

Kihisi joto aina ya LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. Mtikisiko wa umeme wa kiasi hicho katika waya husomwa na mikrokontrola kama badiliko la nyuzi moja.

Tiba huanzia kwenye saketi: waya za kihisi ziwe fupi na mbali na mota, na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ikae karibu na chipu.

Kisha programu hukokotoa wastani. Vipimo 16 hupunguza mitikisiko isiyo na mpangilio hadi robo, lakini havisahihishi kosa la kudumu. Hilo hubainika kwa kulinganisha na kipimajoto kilichothibitishwa.