Nyamitwe, sauti ya Ikulu iliyofika Addis Ababa

BUJUMBURA – Mwaka 2015, redio binafsi zikiwa zimenyamazishwa baada ya jaribio la mapinduzi la Mei, mitaani Rohero sauti ya Willy Nyamitwe ilisikika kuliko nyingi. Mshauri huyo wa mawasiliano wa Rais Pierre Nkurunziza alishikilia jambo moja: mambo ya Burundi ni ya Warundi. Desemba, Umoja wa Afrika ulipoidhinisha askari 5,000, serikali ilikataa, naye akautetea msimamo huo.

Wapinzani walimwita kipaza sauti cha utawala. Wengi wao walisema hayo wakiwa uhamishoni. Usiku wa Novemba 28, 2016 alishambuliwa kwa risasi. Alijeruhiwa mkono, mlinzi wake alikufa.

Baadaye alitumwa Addis Ababa, balozi kwenye umoja uleule.