Umenunua Punda Mpya? Fanya Haya Mambo 6 Kabla Umfunge Mkokoteni

Wasee husema asante ya punda ni mateke. Lakini ushawahi jiuliza punda mwenyewe huona nini siku anauzwa? Asubuhi ako kwao na mabeshte zake. Mchana ako na kamba shingoni, anavutwa na mtu hamjui. Jioni ako boma geni, maji ina ladha ingine, na hakuna hata sura moja anajua.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, wewe huyo, unamfunga mkokoteni na mitungi ishirini ya maji. Akisimama katikati ya barabara unasema ana kichwa ngumu. Zii, buda. Huyo ako na stresi, na stresi ya punda si mchezo. Inaweza kumuua ndani ya siku chache tu.

Shosh yangu wa Limuru alijua hii kwa njia chungu. Alinunua punda kwa mzee mmoja aliyekuwa na wawili, akachukua mmoja juu doo ilitosha mmoja. Punda alikuwa fiti, mnene, anang'aa. Siku ya kwanza akasimama kwa kona akiangalia ukuta. Siku ya pili, bado ukuta. Watu wakasema ni madharau tu, atazoea. Siku ya tano akadedi. Na hiyo doo ilikuwa mkopo wa chama, kwa hivyo shosh aliendelea kulipia punda ambaye alikuwa ashazikwa.

Sasa mbona punda mnene afe hivyo? Akiacha kumanga, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta ndio upate nguvu. Kwa punda hiyo kitu ikianza ni ngumu kusimamisha. Mafuta inajaa kwa damu, maini na figo zinalemewa. Wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha ndio wako kwa hatari kubwa zaidi. Unene si kinga, ni mtego.

Form ni hii:

1. Mnunue na beshte yake
Punda hushikana wawili wawili, na urafiki wao ni wa miaka. Ukiona wawili wanakula pamoja na wanasimama wakigusana, hao usiwatenganishe kama unaweza. Kama mfuko ni wa mmoja, chagua yule hajashikana na mwingine, na huko nyumbani asikae solo. Punda mwingine ndiye kampani poa zaidi, lakini hata mbuzi ni afadhali kuliko ukuta.

2. Uliza alikuwa anakula nini
Kabla hujalipa, uliza muuzaji dishi yake ya kila siku, kisha ubebe gunia moja ya hiyo hiyo. Changanya na yako polepole kwa wiki moja au zaidi. Punda hawezi kutapika, kwa hivyo ukimbadilishia chakula ghafla, tumbo inaweza kumsokota hadi alale chini. Nyasi kavu na majani makavu ya mahindi ziko sawa, bora zisiwe na ukungu. Usimjaze mahindi na unga ati unamkaribisha.

3. Wiki ya kwanza, mkokoteni upumzike
Najua mkopo haupumziki. Lakini hesabu mwenyewe: siku saba bila kazi, ama punda mzima aende. Siku za kwanza muache kwa boma ndogo aone mazingira. Mtembeze kwa kamba njia atakayotumia, bila mzigo, mtu mmoja yule yule. Mtafutie paa pia, juu manyoya yake hayazuii mvua, na baridi ya Limuru unaijua.

4. Angalia mavi, usiamini mdomo
Hapa ndio wengi hukosea. Punda anaweza kuweka mdomo kwa nyasi akae hapo kama anakula na hakuna kitu anameza. Pia huficha maumivu sana. Kwa hivyo pima chakula ukiweka, na uangalie imebaki kiasi gani. Hesabu mavi asubuhi na jioni. Ikipungua, ama masikio yanalala na anajitenga, kuna shida. Akikataa kula siku moja nzima, usingojee ya pili. Piga simu kwa daktari wa mifugo.

5. Daktari aje hata kama ako sawa
Mwambie amcheki meno na kwato, ampe dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe linakuambia: huu ugonjwa unawapenda punda, na unaingilia kidonda, hata kadogo ka msumari ama cha kamba.

6. Karatasi ziwe safi
Chukua kopi ya kitambulisho cha muuzaji, muandikiane mbele ya shahidi, na upate kibali cha kusafirisha mifugo. Hii si urasmi tu. Kuanzia 2016 Kenya ilipofungua vichinjio vya punda, wizi ulikuwa noma, juu ngozi inatakiwa Uchina kutengeneza dawa ya kienyeji. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara hiyo ya ngozi, lakini wezi hawasomi maazimio. Punda wa wizi akipatikana kwako, kesi ni yako.

Shosh alikaa karibu miaka miwili kabla ajaribu tena. Safari hii alingoja hadi akapata doo ya wawili, mama na mtoto wake mkubwa. Wiki ya kwanza majirani walimcheka ati amenunua punda wa kuangalia. Wiki ya tatu walikuwa wanapanga foleni ya maji kwake.