Kijana, hata ile 'inayoweza kugeuzwa' ni bunduki

Kama uko TikTok, huenda ushaziona video za vijana wa Marekani wakicheza na bastola ndogo inayomimina risasi kama maji ya mfereji. Siri ni kijidude cha ukubwa wa sarafu, wenyewe hukiita 'swichi', kinachobandikwa nyuma ya bastola. Bila hicho, ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Nacho, ukiishikilia tu zinatoka mfululizo hadi ziishe, na kulenga kunakuwa shida. Aliyetumwa mkate dukani naye anaweza kuanguka.

Bastola inayotajwa sana ni Glock. Machi 2024 jiji la Chicago liliishtaki kampuni hiyo, likidai inajua fika bastola zake hugeuzwa kirahisi. Oktoba 2025 Gavana wa California, Gavin Newsom, akatia saini sheria ya kuwazuia wenye maduka kuuza bastola za aina hiyo kuanzia Julai 1, 2026. Swichi zenyewe zilikuwa haramu tangu zamani. Jipya ni kwamba sasa anayebanwa ni muuzaji.

Utaniuliza, hayo yananihusu nini mimi wa Mumias? Zunguka kutoka Shibale hadi Ekero: utapata duka la mbolea, la simu, la sare za shule. La bastola hulioni. Sawa, lakini hebu fungua Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, usome kifungu cha pili. Bunduki hapo si ile tu inayofyatua risasi. Ni pia silaha yenye mtutu inayoweza kubadilishwa ikafyatua. Sehemu zake nazo zinahesabiwa. Yaani hilo neno 'kugeuzwa' wanalovutania Wamarekani, kwetu liko sheriani kitambo. Tofauti ni kwamba kwetu sheria inaanza na wewe uliyekutwa nayo, iwe kiunoni, chini ya godoro au chini ya kiti cha bodaboda.

Fundi wa jua kali, hapa nasema na wewe hasa. Kazi ya kugeuza chuma huletewa nani kama si wewe? Jamaa anakuja jioni na kipande cha bomba, picha kwenye simu, na pesa zinazozidi bei ya kuchomelea geti. Anakwambia ni ya kufukuzia nyani shambani. Polisi nchini hunasa bunduki za kujitengenezea mara kwa mara, na hakuna iliyojichomelea yenyewe. Kuunda bunduki bila leseni ni kosa, na "mimi ni fundi tu" si leseni.

Na toy je? Sheria hiyo hiyo inataja bunduki bandia pamoja na ya kweli pale inapotumiwa kutenda uhalifu. Halafu kuna kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu: mkiwa wawili mkampora mtu kwa nguvu au kwa vitisho, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Plastiki ya kununuliwa sokoni, kesi ya kunyongwa. Hebu ipigie hesabu hiyo.

Mumias tunajua bunduki ikipotea inavyotikisa mji. Januari 2015 bunduki saba ziliibwa katika kituo cha polisi cha Booker, pale karibu na kiwanda cha sukari (jina lenyewe lilibaki kutoka kwa kampuni ya Uingereza iliyosaidia kukianzisha). Jambo likafika hadi kwa Rais Uhuru Kenyatta, aliyetaka zirudishwe. Ukikutwa na AK-47 au G3 bila kibali, sheria inataja kifungo cha maisha.

Lakini ukali huo haujazimaliza. Makadirio ya shirika la Small Arms Survey, yaliyotolewa 2018, yalikuwa kwamba raia nchini Kenya wana bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000. Kwa maoni yangu, hapa California inatuzidi akili: inamfuata anayefaidika na mauzo. Sisi humnasa wa mwisho kwenye foleni, kijana asiye na kazi aliyelipwa elfu mbili alaze mfuko wa mtu usiku mmoja. Mwenye mfuko hulala kwake.

Kwa hiyo ukiombwa kuweka mzigo usioruhusiwa kuufungua, kataa, hata kama anayeomba ni binamu. Na ukikuta bunduki kwenye shamba la miwa, usiiguse wala usiipige picha ya kuweka status. Ita mtu mzima mwingine aione, kisha mpigie chifu, au piga 999 au 112, mngojee hapo kwa mbali. Usijaribu kuipeleka kituoni mwenyewe ukiwa umeishika mkononi.