Kinachotikisika ni mkono au ni mtu? Jiulize kabla hujanunua lenzi pana

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mpiga picha wa mtaani methali hiyo ina mipaka. Mkulima anaweza kuazima jembe kwa jirani. Kijana anayepiga picha za harusi Kayonza au Rwamagana hana wa kumwazima lenzi siku ya Jumamosi, maana Jumamosi hiyo hiyo kila mwenye lenzi yuko kazini. Akinunua isiyomfaa, atakaa nayo miaka, na wateja watakaa na picha zake maisha yao yote.

Mwaka huu vijana wawili niliowahi kuwafundisha wameniletea swali moja. Wa kwanza anapiga picha za sherehe. Wa pili, binti, anapiga picha za nyumba za kupangisha na vyumba vya wageni, akienda kwa pikipiki kutoka kituo kimoja hadi kingine. Wote wana kamera za dijitali za Canon zenye kihisi kidogo, zile zilizojaa katika studio zetu, pamoja na lenzi inayouzwa na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Wote wamechoka kuegemea ukuta wakitafuta nafasi ya kurudi nyuma hatua moja zaidi.

Na wote wamekwama kwenye majina mawili. La kwanza ni Canon EF-S ya milimita 10 hadi 18, iliyotoka mwaka 2014. La pili ni Tokina ya milimita 11 hadi 16, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2012. “Mwalimu,” aliniambia yule wa sherehe, “nina fedha ya moja tu. Ipi ni nzuri?”

Zote mbili ni nzuri. Ndiyo maana swali hilo halina jibu mpaka liulizwe kwa namna nyingine.

Hesabu ya ukutani

Tuanze na upana, kwa kuwa ndio unaowatoa watu dukani. Chukua sebule ya kawaida. Mpiga picha ameegemea ukuta, na watu wamesimama mita tatu mbele yake. Lenzi ya kawaida ikiwa kwenye milimita 18 inachukua upana wa takriban mita 3.7. Tukimpa kila mtu nusu mita ya mabega, hao ni watu saba. Tokina kwenye milimita 11 inachukua kama mita 6.1, yaani watu kumi na wawili. Canon kwenye milimita 10 inachukua kama mita 6.7, yaani watu kumi na watatu.

Kwa hiyo ile milimita moja inayobishaniwa sana ni mtu mmoja. Si jambo dogo, hasa kama mtu huyo ni shangazi yako.

Lakini msomaji, angalia pia shangazi huyo anatokaje. Lenzi pana ya aina hii hunyoosha mistari ya kuta ibaki wima, na gharama yake ni kuvuta vitu vilivyo pembeni. Kichwa cha binadamu kikiwa kwenye ukingo kabisa wa picha ya milimita 10 hutoka kimetanuka kwa karibu nusu ya upana wake. Kwenye milimita 18 utanuzi huo wa ukingoni hauzidi sana sehemu moja ya tano. Mtu wa kumi na tatu ameingia, ni kweli, lakini ameingia akiwa na uso usio wake.

Dawa yake haiuzwi dukani. Panga watu safu mbili, wazee wakae kwenye viti katikati, vijana wasimame nyuma yao, na pembeni kabisa acha ukuta au maua. Saba waliosimama na sita waliokaa ni watu kumi na watatu hao hao, na wanaenea hata kwenye lenzi ya milimita 18. Wako wengi wanaotafuta lenzi pana wakati wanachohitaji ni benchi.

Mwanga wa jioni

Tofauti kubwa ya lenzi hizi iko kwenye mwanga. Tundu la Tokina hufunguka hadi f/2.8 katika urefu wake wote. La Canon huanzia f/4.5 ikiwa pana kabisa, na ukiivuta kuelekea milimita 18 hupungua hadi f/5.6. Kwa wasiozoea namba hizi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa zaidi. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaoingia ni mara nne. Hata pale Canon ilipo kwenye f/4.5, Tokina bado inaizidi kwa kama mara mbili na nusu.

Canon nayo ina kitu ambacho Tokina haina. Ndani yake kuna kitulizaji, yaani kioo kinachosogea kidogo kufidia mtetemo wa mkono wa mpigaji. Kiwanda kinasema kitulizaji hicho kinaokoa hatua nne za kasi. Hapo ndipo muuzaji anapokuambia, na wengi husadiki, kwamba kitulizaji kinaziba pengo la tundu. Kinaziba nusu ya pengo tu.

Tuchukue mfano wa gusaba, sherehe ya kuposa. Saa kumi na mbili jioni, chini ya turubai, taa mbili zimening'inia kwenye nguzo. Wasichana wanaingia wakicheza, mikono imeinuliwa kama pembe za ng'ombe. Tokina ikiwa wazi kabisa inaweza kupiga kwa moja ya sehemu sitini za sekunde. Canon ikiwa kwenye f/5.6, katika mwanga huo huo, itahitaji moja ya sehemu kumi na tano. Kitulizaji kitahakikisha nguzo, turubai na viti vinatoka safi. Wachezaji hakiwasaidii kitu. Kiwiko kitaonekana, na kiganja kitakuwa moshi.

Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kufungua pochi: katika kazi yangu, kinachotikisika ni mkono wangu au ni mtu ninayempiga? Kitulizaji hutibu mkono. Tundu kubwa humtibu mtu anayecheza, mtoto anayegeuka, mzee anayetikisa kichwa akizungumza.

Wapo watakaosema unaweza kupandisha ISO. Unaweza, lakini kutoka 1600 kwenda 6400 kwenye kamera ya zamani ni kukaribisha chengachenga kwenye nyuso. Wengine watasema kuna flashi. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera haikutengenezwa kumulika upana wa milimita 10 au 11: katikati huwaka, pembeni hubaki giza, na mara nyingi kivuli cha lenzi yenyewe hukaa chini ya picha kama nusu ya sahani. Flashi kubwa ya kurushia mwanga kwenye dari nyeupe ni msaada mkubwa, ila turubai la bluu si dari nyeupe.

Kuna hofu nyingine kwamba tundu likifunguliwa sana watu wa safu ya nyuma watatoka na ukungu. Kwa lenzi pana kiasi hiki hofu hiyo ni ndogo. Tokina ikiwa kwenye milimita 11 na f/2.8, ukilenga mtu aliye mita mbili na robo, kila kilicho kuanzia mita moja na kidogo hadi upeo wa macho hutoka vizuri. Kona za picha ndizo hulegea kidogo, na huko tumekwisha kusema tusiweke watu.

Kwa nini nabishana juu ya kiganja

Nilisoma shule ya msingi Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, kama watoto wengi wa Wanyarwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959. Picha ilikuwa jambo la mwaka, kama si la miaka. Darasa letu lilipomaliza la saba, mpiga picha alirudi nyuma, akarudi tena, hadi karibu na barabara, ili sote tuenee. Tulienea. Nyuso zetu ni kama punje za mtama, na leo wenzangu wawili walio kwenye picha hiyo wametangulia mbele ya haki. Watoto wao wakija kuuliza, naweza kuwaonyesha mahali baba yao aliposimama. Uso wake siwezi kuwaonyesha.

Familia nyingi zilizorejea baada ya 1994 zina albamu za namna hiyo: kurasa chache, watu wengi, sura hazisomeki. Kwa sababu hiyo siioni picha ya gusaba kama pambo la siku moja. Bibi aliyeletwa kutoka kijijini siku hiyo huenda asipigwe tena picha nyingine. Akitoka ametanuka pembeni au ameyeyuka kwa sababu aligeuka kumcheka mjukuu, hakuna wa kuirudia.

Nani achukue ipi

Kijana wa sherehe nilimshauri Tokina, na ndiyo aliyochukua. Ina uzito wa zaidi ya gramu 500, mwili wake ni imara, na shingo yake italisikia hilo ifikapo jioni. Pia ajihadhari na taa inayoangalia lenzi moja kwa moja, kwa kuwa Tokina hii huonyesha mng'ao na kingo za zambarau kwenye vitu vinavyong'aa.

Binti wa nyumba nilimshauri Canon. Kitanda hakichezi. Chumba kikiwa na giza atapunguza kasi, na kitulizaji kitamshikia mkono. Milimita 10 zinampa ile kona ya ziada ya chumba, na gramu 240 hazimsumbui kwenye pikipiki. Shingo ya plastiki ya lenzi hiyo inahitaji kutunzwa, hilo tu. Nilimkumbusha pia kuishika kamera sawasawa, kwa maana ukiiinamisha hata kidogo kuta zote huanguka ndani ya picha.

Kwa anayenunua iliyotumika, na wengi wetu ndiko tunakonunua, yako mambo ya kuangalia. Mulika ndani ya vioo kwa tochi utafute utando wa kuvu. Nenda na kamera yako mwenyewe, piga ukuta wa matofali, kisha kuza picha uone kama upande wa kushoto na wa kulia vinalingana. Mwenye Nikon ndogo isiyo na mota ndani yake aepuke toleo la kwanza la Tokina hii, maana halitajilenga lenyewe; toleo la pili lina mota yake. Mwenye Canon ya kihisi kikubwa ajue kuwa EF-S haiingii kwenye kamera za EF za aina hiyo. Na aliyehamia kamera mpya zisizo na kioo cha ndani atahitaji kiunganishi, au aangalie lenzi ya RF-S ya milimita 10 hadi 18 iliyotoka mwaka 2023.

Kama bado unasita, usilipe leo. Fungua picha zako za mwezi uliopita na utenge zile zilizoharibika. Zikiwa zimetikisika zote, nguzo na watu pamoja, unahitaji kitulizaji. Nguzo zikiwa safi na watu wakawa moshi, unahitaji tundu. Na kama zilizoharibika ni zile ambazo watu hawakuenea, kabla ya kwenda dukani tafuta kwanza benchi.