Thamani ya Uzima

Mtu mwenye afya hula chakula chake bila kukifikiri, hunywa maji bila kuyatazama, na hulala usingizi asijue ya kuwa amepewa kitu kikubwa. Lakini aliyeugua sana, hata watu wa nyumbani wakakata tamaa, akipona huona mambo hayo yote kuwa mapya. Katika somo hili tutaeleza kwa nini iko hivyo, na namna ya kuitunza furaha ile isipotee.

Kimamba ni mji mdogo kando ya reli ya kati, upande wa mashariki wa Kilosa, nao ulikua pamoja na mashamba ya mkonge. Nchi yake ni tambarare. Masika yakija, maji hutuama katika mashimo na katika nyayo za ng'ombe, na humo mbu huzaana. Kwa hiyo malaria ni ugonjwa unaojulikana sana huko.

Zamani watu wengi walidhani ya kuwa homa hii yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, jina lake Laveran, aliviona vijidudu vyake katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, akaviona ndani ya mbu huko Bara Hindi. Mbu jike aitwaye anofelesi ndiye avichukuaye kutoka mtu hata mtu. Vikiisha kuingia mwilini hukaa kwanza katika ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu, huongezeka humo, na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zichukuazo hewa njema kutoka mapafuni na kuieneza mwilini mwote. Zikipungua, viganja vya mgonjwa huwa vyeupe, naye huchoka na kutweta. Ugonjwa ukizidi, huweza kufika ubongoni, mgonjwa akapata degedege au akapoteza fahamu. Katika Afrika wanaouawa zaidi na malaria ni watoto wasiotimiza miaka 5.

Wala si malaria peke yake imfikishayo mtu karibu na kaburi. Wakati wa masika ya mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alipita katika uwanda wa Mkata, ulio kati ya Morogoro na Kilosa, pamoja na wapagazi wake, akimtafuta Daktari David Livingstone. Mvua zilikuwa zimeugeuza uwanda kuwa matope na maji. Stanley akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akadhoofika sana, hata walipofika penye vilima wakapumzika, naye akapata nafuu. Mwaka ule ule akafika Ujiji, akamkuta Livingstone amekonda, hana nguvu, na mali yake imeuzwa na mtu aliyepewa kuitunza. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari ya kuwa alikuwa akila mara 2 tu kwa siku, chakula kichache kisicho na ladha. Lakini alipojiwa na mgeni yule alikula mara 4, na kwa muda wa juma moja akaanza kuona nguvu. Tazameni, mtu huyu alikuwa amevuka Afrika toka pwani hata pwani, lakini alipopata nafuu aliona vema kuandika hesabu ya milo yake!

Sababu za furaha hiyo ni tatu. Ya kwanza ni ya mwili. Wakati wa homa kinywa huwa kichungu, na mwili hula mafuta yake na nyama yake wenyewe. Homa ikitoka, mwili hutaka kujijenga tena. Ndipo njaa huja, na uji mtupu huwa mtamu kama asali. Ya pili ni ya akili. Akaaye karibu na reli mwishowe hausikii mlio wa gari la moshi, kwa kuwa ameuzoea. Vivyo hivyo sisi tumezoea kutembea na kupumua. Ugonjwa huuvunja uzoefu huo, na mtoto aliyepona hufurahi kusikia mchi ukitwanga kinuni, tena hufurahi kufika kisimani bila kupumzika njiani. Ya tatu ni ya moyo. Mgonjwa hujua ya kuwa hakupona kwa nguvu zake. Mmoja alimbeba, mmoja alikesha, mmoja alimpima damu, na mmoja alimpa dawa.

Lakini furaha hiyo haidumu yenyewe. Baada ya majuma machache uzoefu hurudi, na mtu huanza tena kunung'unika kwa sababu ya mboga. Basi aliyepona na afanye haya. Kila jioni ataje moyoni mambo matatu mema ya siku ile. Awaendee waliomsaidia, awashukuru kwa kinywa chake. Amalize dawa zote alizopewa, hata kama homa imetoka siku ya kwanza. Alale ndani ya chandarua, na kufukia madimbwi yaliyo karibu na nyumba. Tena, mdogo wake akishikwa na homa, awaambie wazee siku ile ile ili apelekwe kupimwa damu, maana siku moja ya kungoja yaweza kuwa siku ya mwisho. Wako watoto waliopelekwa hospitali wasirudi, aliyerudi asiwasahau.

Na ninyi mlio wazima, msimcheke mwenzenu arudiye shule akiwa dhaifu. Damu yake yahitaji majuma kadhaa kujazwa tena. Mchukulieni ndoo na jembe, naye apewe nyumbani maharage, dagaa na mboga za majani.

Wahenga walisema, "Shukrani ya punda ni mateke." Punda hulishwa majani, kisha humpiga teke aliyemlisha, kwa kuwa hana akili ya kukumbuka. Aliyepona anayo akili hiyo. Na chandarua anachomtundikia mdogo wake ni shukrani kubwa kuliko maneno mengi.